Buti za Mkaguzi

Likasi, Jumapili, baada ya misa

Odette mwanangu, mama,

Umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na mama yako yuko kwa jirani anakutafutia kamba ya kufungia sanduku. Nimebaki peke yangu mezani. Vyombo vya mchana bado havijaoshwa, nami naandika haraka kabla hamjarudi, maana mkirudi nitaanza tena kuchekesha watu. Nikiona nyuso mbele yangu siwezi kusema jambo zito bila kulitia mzaha. Kwenye karatasi sina wa kumchekesha.

Habari za kuchemsha maji, za kufunga dirisha, za wanaume wenye maneno matamu, mama yako amekwisha kukuambia, na atakuambia tena kesho asubuhi lori la kwenda Kakanda likiwa limeshawasha moto. Mimi hayo nayaacha. Ninalotaka kulizungumzia ni swali uliloniuliza leo tukila, na jibu nililokupa.

Uliniuliza hivi: "Papa, patron ya kazi yangu mupya alisema inspecteur ya kazi atafika hii hii wiki. Anataka minye nipange bantu mbele hajafika. Weye ulikuwa chef myaka mingi. Mulikuwa munafanyaka namna gani?"

Nami nikakuambia. Nikasimama, nikazunguka meza nikichechemea kama wafanyakazi wangu walivyochechemea siku ya ukaguzi, wengi ndani ya buti zisizo saizi yao. Wadogo zako walicheka hadi wakapaliwa na matonge ya bukari. Wewe ulicheka ukajifuta machozi kwa kitenge. Mama yako hakucheka. Alikusanya sahani akaenda uani, nawe ukadhani amechoka kusikia hadithi ile ile. Hakuchoka. Yeye anajua inavyoisha. Mimi miaka yote huikatia pale watu wanapokuwa bado wanacheka, na leo nimekuona unaondoka mezani na kipande hicho cha hadithi kama vile nimekupa mwongozo wa kazi. Nimeona aibu. Tena nimeogopa.

Sasa nisikilize mpaka mwisho.

Kile kiwanda chetu kidogo cha kuyeyusha chuma, pale karibu na reli, unakikumbuka kwa nje tu. Tulikuwa watu thelathini na kitu. Tulimwaga chuma kilichoyeyuka ndani ya kalibu za mchanga, tukatengeneza vipuri vya migodi. Mimi nilikuwa msimamizi, ndiyo maana mtaa mzima ulikuwa ukiniita chef. Migodi ilipoanza kufa tukaanza kufa nayo polepole. Mshahara ukaja baada ya miezi miwili, kisha mitatu, kisha ukaja unga badala ya mshahara, kisha hata unga ukawa wa kusikia tu.

Kabla hali haijaharibika kabisa, patron, mwenye kiwanda, alikuwa ameagiza buti kutoka nje. Zilikuwa nzuri, zina chuma mbele na ngozi nene inayopanda hadi karibu na goti. Nilizichoma namba kwa chuma cha moto, kila mtu na yake. Mwezi haukwisha, nikaenda sokoni kutafuta samaki wakavu, nikazikuta buti zangu zimepangwa kando ya mihogo. Nikainua moja nikasoma namba. Ilikuwa ya Kalonji.

Kalonji ndiye parrain wako, aliyekushika siku ya ubatizo. Alikuwa fundi wa kalibu, mkono wake mwepesi kuliko wa mtu yeyote niliyewahi kumsimamia, na alikuwa rafiki yangu. Nilimwita nikamfokea mbele ya wenzake. Akaningoja nimalize, akasema: "Chef, batoto balilala njaa siku mbili. Sasa minye nipike buti?"

Watu wakacheka, mimi nikazidi kukasirika. Nilikuwa na haki gani? Nyumbani kwangu unga haukukosekana. Patron alikuwa akinipitishia mfuko mlango wa nyuma, nami niliupokea bila kuuliza wengine wanapata nini. Wewe ulikula unga huo. Sikulaumu, ulikuwa mtoto, lakini mimi nilikuwa mtu mzima mwenye akili zake, nikamwona mwenye njaa kuwa ni mwizi.

Nikazikusanya buti zote zilizobaki, nikazifungia depo, ufunguo nikauweka mfukoni mwangu. Nilijiambia nazilinda. Watu wakarudi kufanya kazi mbele ya tanuru wamevaa sapatu walizochonga kutoka kwenye matairi ya gari.

Usidhani hapakuwa na njia nyingine. Kalonji mwenyewe alinipa njia, wiki ile ile niliyomfokea. Alisema: "Tuache buti hapa ku mulango. Asubui tunavaa, magaribi tunavua, sentineri anaangaria. Hakuna muntu atatoka nayo." Ilikuwa rahisi namna hiyo. Nikafurahi, nikapeleka wazo kwa patron. Patron hakuwa mtu mkatili, mama. Akifiwa mfanyakazi alikuwa wa kwanza kuleta sanda. Alinisikiliza vizuri, kisha akasema: zikivaliwa kila siku zitaisha, na mkaguzi akija mwaka ujao tutamwonyesha nini?

Nilirudi kwa watu nikayarudia maneno hayo kana kwamba yametoka kichwani mwangu. Tangu siku hiyo buti zikawa za mkaguzi. Miguu ya watu haikuwa na sehemu ndani yake.

Sasa kuhusu siku yenyewe ya ukaguzi, kipande ninachokisimulia kwa ufasaha. Tulikuwa hatushtukizwi kamwe. Serikali haikuwa inamlipa mkaguzi, wala hakuwa na gari, kwa hiyo ni patron aliyempelekea dereva. Hebu fikiri: anayekaguliwa ndiye anayemleta mkaguzi! Basi alfajiri nilifungua depo, nikagawa. Waliouza za kwao walipewa yoyote itakayoingia. Kalonji ana miguu mikubwa, nikampa jozi ya mtu mfupi. Kisha tukazipaka buti oili chafu na mchanga wa kalibu ili zionekane zimetumika. Hilo la mchanga lilikuwa wazo langu. Patron alinipigapiga begani, nami nikajisikia mtu. Nikawafundisha watu na majibu, mmoja mmoja, mimi ninayefundisha katekisimu parokiani: ukiulizwa hivi, jibu hivi.

Mkaguzi alikuwa mtu mwembamba, kola ya shati lake imegeuzwa kuficha pale ilipochakaa. Hakuangalia juu ya buti. Alichuchumaa mbele ya Kalonji akamwomba ainue mguu, akatazama soli. Soli ilikuwa safi, haina alama hata moja ya moto. Akauliza: "Papa, hii viatu balikupatia lini?"

Kalonji akanitazama.

"Kitambo, bwana inspecteur."

Mkaguzi akauachia mguu, akainuka. Patron akampeleka kula. Jioni dereva alimrudisha kwake na mfuko wa unga, na mimi nikakusanya buti zangu, nikahesabu jozi, nikafunga. Kalonji alichechemea siku mbili, tukamtania kwamba amevaa buti ya mkewe. Hapo ndipo ninapokatia hadithi mezani.

La kuvunda halina ubani, walisema wazee, na la kwetu lilikwisha kuvunda. Mabati ya paa yalikuwa yameanza kung'olewa usiku na watu wasiojulikana, au tuseme wanaojulikana. Wiki ya tatu baada ya ukaguzi mvua ilinyesha, maji yakaingia kwenye kalibu moja, mchanga ukalowa kwa ndani na juu ukaonekana mkavu. Kalonji na mwenzake wakamwaga. Chuma cha moto kikikutana na maji hakisubiri mtu. Kalibu ilipasuka, chuma kikaruka, kikamwagika juu ya mguu wake wa kulia. Alikuwa amevaa sapatu ya tairi. Tairi iliwaka moto mguuni mwake.

Ninachokuambia sasa hakuna anayekijua ila Mungu, mama yako, na wale waliokuwa pale. Watu walimkimbilia Kalonji. Mimi nilikimbilia depo. Nilikuwa namsikia analia, nami natafuta tundu la kufuli. Nilitoa buti nikawatupia watu, nikapiga kelele: vaeni, vaeni upesi! Nao wakavaa, mwanangu. Waliokuwa wamemshika walimlaza chini wakavaa. Patron alipofika mbio kutoka ofisini alikuta kila mtu ana buti isipokuwa mmoja aliyelala kwenye mchanga.

Sikupanga uovu. Ningependa sana kukuambia kwamba nilikaa nikafikiri, maana mtu aliyefikiri anaweza kutubu vizuri. Mikono yangu ilifanya ilichozoea. Kwa miaka mingi niliizoesha kwamba jambo likitokea kazini, cha kwanza ni lionekane vipi. Siku mguu wa rafiki yangu ulipokuwa unaungua, mikono ilijua pa kwenda bila kuniuliza.

Ripoti niliandika mimi kwa sababu nina mwandiko mzuri. Patron alisema, mimi nikaandika: aliamriwa kuvaa buti akakataa. Nikatia sahihi. Kisha patron akanituma kwa Kalonji na ahadi: akikubali kwamba alikataa, kiwanda hakitafungwa, watu thelathini watabaki na kazi, na yeye atakuwa mlinzi wa mlango, kazi ya kukaa, hadi uzee. Niliipeleka ahadi hiyo kama mtu anayepeleka zawadi.

Mguu haukukatwa, lakini haukurudi kuwa mguu. Alikalia kiti pale mlangoni miezi michache tu. Kisha ukaja ule mwaka watu wa Kasai walipoambiwa warudi kwao. Kwao wapi? Ukoo wa Kalonji ulitoka Kasai, lakini yeye alizaliwa hapa Likasi, na mama yake amezikwa hapa. Nilikwenda kwa patron kumkumbusha ahadi, akasema mambo ya siasa yeye haingilii. Kesho yake kiti cha mlangoni kilikaliwa na mtu mwingine. Kwa kuwa karatasi ilisema alikataa, hakuwa na chochote cha kudai popote, na karatasi ilikuwa na jina langu chini.

Walilala stesheni ya reli kwa majuma, wao na maelfu ya wenzao, wakingoja treni. Niliwapelekea unga. Mama Mbuyi, mke wake, alinitazama, akasema: "Bantu beko bengi hapa, Papa Kasongo. Umupatie ule mwengine." Kalonji alikuwa amekaa juu ya furushi, mguu umefungwa kitambaa, nzi wanauzunguka. Hakunitukana. Laiti angenitukana. Aliniuliza: "Odette anaendelea na masomo?" Nikasema ndiyo. "Ni muzuri," akasema, akafukuza nzi mguuni.

Kila Pasaka unaniuliza kwa nini parrain haandiki, nami nakujibu kwamba posta imekufa. Ni kweli imekufa. Nimeshukuru mara nyingi kwamba imekufa.

Na usome hili vizuri, maana ulikuwa hujui: baada ya ripoti ile patron alinipandisha, na ni yeye aliyelipa shule yako hadi kiwanda kilipofungwa. Kazi ya kusimamia watu unayokwenda kuianza kesho kutwa umeipata kwa diploma ile. Sikuandikii ili uichane. Umeitolea jasho lako. Nimechoka tu kukuficha ilivyolipiwa.

Patron wako mpya huenda ni mtu mwema. Wangu pia alikuwa mwema. Atakuambia upange watu, nawe utataka kumpendeza kwa sababu ni wiki ya kwanza, kwa sababu wewe ni mwanamke na watakutazama uteleze, kwa sababu hapa nyumbani hakuna tena anayeleta unga. Yote hayo nayajua. Nimeyapiga mahesabu nikiwa nimekaa mezani hapa, na najua ninachokuomba kinaweza kukurudisha na sanduku lako kabla mwezi haujaandama. Bado nakuomba. Ikibidi kurudi, urudi. Tutakula majani ya viazi, tumekwisha kula.

Kama glavu za wafanyakazi hazipo, mwandikie patron kwa mkono wako kwamba hazipo, na karatasi hiyo hiyo umpe mkaguzi asome. Usipake rangi kitu kilichooza. Watu wakiuza vifaa vya kazi, kabla hujakamata ufunguo uwaulize wamekula nini. Na mfanyakazi akija na njia rahisi, kama Kalonji alivyokuja kwangu, usikubali kurudi kwake na jibu la mtu mwingine mdomoni mwako. Ukipewa jibu la aibu, mwambie aliyelitoa aende akaliseme mwenyewe.

Nilimfuata mama yako uani nikamuuliza kama nikuandikie. Alikuwa amekaa tu, sahani mapajani. Alisema: "Umwandikie yote. Na ya hospitali." Nilikuwa natumaini ataisahau ya hospitali.

Mkaguzi alirudi, mama. Safari hii hakuna aliyemtumia dereva. Alikuja kwa miguu, vumbi hadi magotini, akaenda moja kwa moja kwenye kitanda cha Kalonji. Alinikuta pale, maana patron alikuwa amenituma nisibanduke. Akanisalimia kwa adabu, akatoa daftari, akasema: "Papa chef, tafazali, utuache kidogo na mugonjwa."

Nikamjibu kwamba hakuna shida, sisi ni ndugu, huyu ni parrain wa binti yangu.

Kalonji alitazama mlango, kisha akanitazama mimi. Mkaguzi alishika kalamu bila kuandika, na sasa najua kwamba wote wawili walikuwa wananisubiri. Nilijua hata wakati ule. Mimi nikainama nikamnyooshea shuka juu ya mguu.

Ndipo akasema: "Chef alinipatia buti. Minye njo nilikataa."

Kwa hiyo mkaguzi akifika kwako, mpe kiti, muite mfanyakazi yeyote anayemtaka, halafu wewe utoke. Usisimame dirishani, usipitepite na makaratasi. Utoke uende mbali, wasikuone. Ilikuwa hatua nane kutoka kitandani mpaka mlangoni, nami nilikuwa nimeombwa kwa heshima.

Baba yako,
Kasongo